Droni ya mashindano: mkono wako uko wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata Uyole, hapa Mbeya, na droni ya inchi tano, mpya, betri ya seli sita. Hajawahi kurusha chochote. Akaiwasha, akasukuma kijiti cha kushoto, na kabla hajavuta pumzi ilikuwa imejibamiza kwenye tuta la viazi. Propela tatu zimevunjika, mkono mmoja wa fremu umepasuka. Iliniuma, maana najua alivyodunduliza kuipata.

Hizo inchi tano ni kipenyo cha propela. Mashindano mengi duniani hutumia saizi hiyo, na droni ya aina hiyo hupita kilomita 150 kwa saa. Mkono usiozoea hauiwezi, na ikimpata mtu inamjeruhi vibaya.

Ukiniuliza mimi, pesa ya kwanza nunua rimoti nzuri. Ichomeke kwenye kompyuta, ufanye mazoezi kwa simuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji wa droni. Jifunzie akro, yaani droni isijisawazishe yenyewe: ukiilaza upande inabaki imelala hadi uinyanyue kwa vidole vyako. Siku za mwanzo inachosha kweli. Wanaojifunza kwangu hawagusi droni mpaka wapite mageti yote ya simuleta mara tano mfululizo bila kuanguka.

Baada ya hapo chukua kadogo ka milimita 65, seli moja, propela zimezungushiwa kinga. Pamoja na betri hakafiki hata gramu 40. Kakigonga ukuta unakaokota, unaendelea. Masika hii ya Mbeya isiyoisha, utakapitisha chini ya viti sebuleni huku nje kunanyesha.

Ukihamia inchi tano, ingia kwenye Betaflight, programu ya kurekebisha mipangilio ya droni, upunguze nguvu ya juu hadi asilimia 60 hivi, uipandishe polepole. Na kumbuka tuko mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15, propela hazina cha kushika, kona inakwenda mbali kuliko ulivyokusudia. Juni na Julai baridi nayo inadhoofisha betri. Mimi zangu nazibeba ndani ya koti hadi dakika ya kurusha, na natua zikifika volti 3.5 kwa seli. Usajili na kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, vishughulikie mapema, kabla hujaenda uwanjani.

Ya yule kijana nimeshaibadilishia mkono. Amesema ikae kwangu kwanza, yuko geti la nne la simuleta.