Kabla ya Kumwambia Aongee na Kompyuta, Mwangalie Kifundo cha Mkono

"Si aongee tu na kompyuta?" Hapa Kisumu swali hili huulizwa kila kijana anapotoka wodini akiwa amevunjika shingo kwa ajali ya boda. Wanaouliza ni jamaa, walimu wa chuo, hata wahudumu wa afya. Limenichosha, kwa sababu watu ambao mikono yao ingeweza kuchapa wanakabidhiwa simu na kuachwa hapo.

Sauti ina kazi yake. Gboard, kibodi ya Google, inaandika Kiswahili kinachotamkwa tangu 2017, na kwa ujumbe mrefu inasaidia sana. Lakini kuandika maneno si kuendesha kompyuta. Jaribu kuipata seli moja ya Excel kwa mdomo, au kusahihisha jina la Achieng' huku mvua inapiga mabati. Aliyeumia C4, yaani uti wa mgongo usawa wa pingili ya nne ya shingo, misuli ya katikati ya mbavu haimsaidii kupumua, kwa hiyo sauti huchoka mapema. Tena nani atataja nywila yake ya benki chumba kikiwa kimejaa wageni?

Tazama kiwango cha jeraha: namba ikiongezeka, jeraha liko chini zaidi shingoni. Wa C5 anakunja kiwiko ila hainui kifundo cha mkono. Wa C6 anakiinua, na hapo mambo hubadilika: kifundo kikiinuka, kano za vidole hukazwa, vidole hujikunja vyenyewe na dole gumba huegemea kidole cha shahada. Huko ndiko kushika kwake kulikobaki.

Na ndiko kunakoharibiwa nyumbani. Kila asubuhi mtu anapakwa mafuta, kifundo kinarudishwa nyuma, vidole vinanyooshwa vyote kwa pamoja mpaka viwe bapa. Kwa upendo kabisa. Kano zikishalegea, akiinua kifundo vidole havifungi tena, na kuzirudisha ni kazi ngumu. Nyoosha vidole kifundo kikiwa kimekunjwa chini. Kifundo kikiinuliwa, viache vidole vijikunje. Kinachonipa shaka ni jeraha lisilo kamili, yaani uti haukukatika wote: nguvu ya vidole inaweza kurudi, na kano zilizoachwa zifupike zikavizuia. Miezi ya kwanza uamuzi huu si mwepesi kama vitabu vinavyoonyesha. Mimi hupima upya mara kwa mara na kuhakikisha viungo havikakamai.

Kifaa chenyewe cha kuchapia fundi viatu wa soko la Kibuye anakishona: ukanda wa ngozi wa upana wa vidole viwili, mfuko mdogo upande wa kiganja, velkro mgongoni mwa mkono. Chomeka penseli, kifutio kitokeze upande wa kidole kidogo kikielekea chini, dole gumba likiwa juu. Penseli ikiwa ndefu mno, atainua bega kila herufi na bega litauma; ikiwa fupi, mkono utamziba asione anachobonyeza. Upande huo wa kidole kidogo hauna hisia, kwa hiyo hatakwambia ukanda unambana. Uvue baada ya dakika 20 utazame ngozi. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa ni onyo: legeza. Kwenye skrini ya simu kifutio hakifanyi kitu. Tafuta kalamu ya skrini.

Mipangilio ya Windows ni ya haraka. Shift mara 5 inawasha Sticky Keys, ili Ctrl na C zibonyezwe moja baada ya nyingine. Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8 inawasha Filter Keys, na herufi zinazogongwa kwa bahati mbaya hupungua. Mausi iwe yenye mpira mkubwa juu, unaosukumwa kwa ukingo wa kiganja. Ile ya kusukumwa kwa dole gumba haimfai.

Kwa C4 kuna programu ya Camera Mouse ya Boston College, ya bure, inayofuata uso kupitia kamera. Dirisha likiwa nyuma yake, uso unakuwa giza na kishale kinapotea. Mgeuze.

Kabla ya kununua chochote, mketishe vizuri, mkono wa mbele ulale mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni. Mwambie akiinue na kukishusha mara tatu kwa amri yako, ili usidanganywe na misuli inayojikaza yenyewe. Kikiinuka, nenda kwa fundi viatu. Kisipoinuka, anahitaji kwanza splinti ya kushikilia kifundo, na penseli ifungwe kwenye splinti hiyo.