Mbona hamri langu limelala?

Swali hili naletewa karibu kila wiki, na anayeliuliza huwa keshailaumu hamira. Miaka yote niliyokaanga mahamri ya oda hapa Mombasa, hamira nimeikuta na kosa mara chache mno. Kosa huwa kwenye kibao cha kusukumia au kwenye karai.

Vipimo kwanza, maana havina siri. Nusu kilo ya unga mweupe wa ngano, sukari gramu 100, hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi ya kuonjesha tu, punje za iliki zilizotwangwa wakati huo huo, na tui zito kama mililita 280. Tui ulitie kidogo kidogo, kwa sababu unga haunywi sawa kila siku. La kopo pia lafaa, ila lizimue kwa maji. Mafuta yakizidi donge halivutiki. Tui liwe vuguvugu, joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Likiwa la moto sana hamira hufa, na hapo kweli utakuwa na haki ya kuilaumu.

Kanda dakika 10 hadi 15, mpaka ukivuta kipande kinanyooka bila kukatika. Wakati wa kaskazi, msimu wa joto, unga huumuka kwa saa moja hivi. Kusi ikivuma na ubaridi wake, ngojea hata saa mbili. Usiulaze jikoni usiku kucha kwenye joto, tui litachacha.

Sasa tufike kwenye kibao. Hamri hufura kwa mvuke: maji yaliyomo ndani yakipata moto wa ghafla hugeuka mvuke, nao husukuma ngozi ya juu ikaachana na ya chini. Ngozi ikiwa nyembamba huku na nene kule, pale pembamba panakauka mapema na mvuke hauna pa kuinua. Wengi huubana mti wa kusukumia ukingoni. Usifanye hivyo, ukikaribia ukingo legeza mkono. Gawa unga madonge tisa, kila moja ulisukume liwe na upana wa kisahani cha chai na unene wa nusu sentimita, kisha likate msalaba. Utapata mahamri 36. Yafunike kwa kitambaa, yapumzike robo saa.

Nusu sentimita hiyo nilijifunza kwa aibu. Oda yangu ya kwanza ya harusi, nilisukuma nyembamba ili idadi iongezeke. Mama wa bi harusi alivunja moja, likalia ka!, akaniangalia: "Mwanangu, haya ni mahamri ama ni kaukau?" Nilirudi nyumbani nikakanda upya, na faida yote ikaishia kwenye unga.

Karai nalo lina adabu yake. Mafuta yawe mengi, kina cha vidole vinne, na joto la nyuzi 180. Asiye na kipimajoto atupie kipande cha unga: kikizama kikakaa chini, ngoja; kikipanda mara moja kimezungukwa na povu, anza. Mafuta yakitoa moshi utapata nje jeusi na ndani bichi. Tia manne tu kwa mara moja, ukijaza karai mafuta yanapoa na mahamri yanayanywa. Hamri likishaelea, lichotee mafuta ya moto kwa upawa ulimwagie mgongoni, mara tatu nne. Hapo ndipo linapotutumka mbele ya macho yako, kama limevuta pumzi. Likishafura ndipo uligeuze.

Ukiyaepua yasimamishe kwenye chujio, na usiyafunike yangali moto, yatatoa jasho yalegee. Subiri kidogo, kisha pasua moja ubavuni. Ukikuta pango tupu, chota mbaazi za nazi ujaze.