Seli za CD4 hupevukia wapi?

Afrika Mashariki, CD4 inajulikana hadi vijijini. Aliyewahi kuhudhuria kliniki ya VVU, au kumsindikiza ndugu, anajua kwamba hesabu yake ikishuka, kinga imeyumba. Seli hizo zinatoka wapi ndilo swali ninalofanyia kazi. Chimbuko lake ni uboho wa mifupa, lakini hupevukia kwenye tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo.

Zamani wengi waliamini tezi hii haina kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alieleza yaliyowapata panya wachanga walioondolewa thaimasi: limfosaiti zao, yaani seli nyeupe za kinga, zilipungua mno, maambukizi yakawaandama, na ngozi ya panya mwingine ikashika mwilini mwao bila kukataliwa.

Ila panya si binadamu. Seli changa ya binadamu hutanguliza CD4, protini ya juu ya seli inayozipa seli hizi jina, ndipo ipate CD8, protini nyingine ya aina hiyo. Ya panya huanza na CD8. Ndiyo maana tunaitaka thaimasi ya binadamu yenyewe. Tunaipata kwa watoto wanaofanyiwa upasuaji wa moyo. Utotoni tezi hii ni kubwa na humziba daktari njia, hivyo huondoa sehemu yake. Wazazi wakiridhia, kipande hicho huletwa maabara badala ya kutupwa.

Hufika kikiwa ndani ya kimiminika baridi, laini, chenye rangi ya waridi iliyofifia. Tunakikatakata, kisha tunakisugua taratibu juu ya chujio lenye matundu madogo sana, na maji yaliyo chini yanakuwa meupe kama tui. Weupe huo ni seli tupu. Tunazitia kingamwili zenye rangi zinazong'aa, na mashine yenye leza inazisoma moja moja. Takriban 80% huwa na CD4 na CD8 kwa pamoja. Bado hazijachagua kubaki na CD4 au na CD8.

Hapo ndipo mchujo unapokuwa mkali. Kila seli imejiundia kipokezi, protini ya kutambulia vitu, kwa kuunganisha vipande vya jeni kibahati, kwa hiyo vipo visivyofaa kitu na vipo vya hatari. Seli isiyoweza kutambua alama za mwili wake hufa. Zilizobaki huingia sehemu ya ndani ya tezi, ambako jeni ya AIRE huzifanya seli za tezi zitengeneze protini za viungo vya mbali, hata insulini ya kongosho. Seli T (ndivyo ziitwavyo seli za kinga zinazopevukia kwenye thaimasi) inayozing'ang'ania mno protini hizo huuawa, au hugeuzwa kuwa ya kutuliza kinga. Zaidi ya 95% hazitoki humo hai. Sioni upotevu hapo, ndiyo kazi yenyewe ya tezi: mtu mwenye AIRE yenye kasoro hushambuliwa na kinga yake mwenyewe.

Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila thaimasi. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha tiba yao: vipande vya thaimasi kutoka upasuaji wa moyo wa watoto wengine hukuzwa maabara, kisha hupandikizwa kwenye msuli wa paja. Seli T mpya huchukua miezi 6 au zaidi kujitokeza, na muda wote huo mtoto lazima akingwe na maambukizi.