Jamani, Bible Knowledge Sio Mahubiri

Jana tena, kwenye daladala. Kijana kaona kitini changu cha Bible Knowledge, somo la Biblia ninalofundisha shuleni, akaanza: "Ticha, si serikali haina dini, sasa mbona inakulipa mshahara uhubiri?" Aisee nimechoka. Mwezi huu tu ni mara ya tatu, na mara ya pili aliyeuliza ni mwalimu mwenzangu wa Fizikia.

Haya, Katiba ya Tanzania ya 1977 ibara ya 3 inasema nchi haina dini, sawa. Ila watu wakifika hapo wanafunga kitabu. Endelea hadi ibara ya 19, utakuta kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu. Hakuna palipoandikwa kwamba mtoto akifika getini avue dini aitundike na sweta. Tupite.

Kinachoniudhi ni kuchanganya vitu vitatu. Kuna kipindi cha dini, kiko kwenye ratiba, anakuja katekista au mwinjilisti na Waislamu wanaenda kwa ustaadhi wao. Kuna UKWATA, TYCS na CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo, hayo ni mambo yao wenyewe, wanaimba, wanakesha, wanagombania spika. Halafu kuna SOMO, lenye mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kama ilivyo Elimu ya Dini ya Kiislamu upande wa pili. Mimi niko hapo kwenye somo.

Na kwenye somo siulizi nani kaokoka. Chukua Amosi, nabii wa Agano la Kale. (Kila mwaka kuna anayeandika kwamba Amosi alikuwa pasta. Alikuwa anachunga kondoo jamani, kondoo wa manyoya!) Nataka mtoto anieleze kwa nini mtu wa Tekoa, kule Yuda, ufalme wa kusini, anavuka kwenda Betheli kwa watu wa kaskazini, Israeli, enzi za mfalme wao Yeroboamu wa pili, nchi ina hela, sadaka zinamiminika, huku maskini anauzwa kwa bei ya jozi ya viatu, na akisema tu, kuhani Amazia anamfukuza arudi kwao kwa sababu hapo ni patakatifu pa mfalme. Pa mfalme! Na anayesema hivyo ni kuhani, sio mkuu wa polisi. Dini na dola hizo, karne ya 8 kabla ya Kristo, ndio ninachosahihisha. Binti wa Kiislamu alipata A kwangu, mwenyekiti wa kwaya akapata F maana alinijazia ushuhuda wake kurasa mbili.

Watu wa kanisa nao wana lao: "shule zilikuwa zetu, tukaporwa." Nyerere alifundisha shule ya Pugu ikiwa ya Wakatoliki, akaacha kazi 1955 kwa ajili ya siasa, na ilipokuja Sheria ya Elimu ya 1969 serikali yake ikazichukua shule za misheni, Pugu ikiwemo, Minaki ya Waanglikana ikiwemo. Seminari zikaachwa. Mkatoliki wa kwenda misa huyo, wala hakuwa na ugomvi na Mungu, ila shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni na watoto wengi wa Kiislamu wamebaki nyuma, sasa ulitaka afanyeje? Japo waliojenga yale majengo tofali kwa tofali nao siwezi kuwaambia wasiumie.

Kuna kitu huwa sikisemi kwenye semina za walimu. Huo mpaka wa kufundisha na kuhubiri ninaoupigia kelele, kuna siku siuoni. Nikifika msalabani sauti yangu inabadilika, najua, na watoto wanajua. Yule binti wa A alinifuata koridoni akaniuliza, "Ticha, wewe mwenyewe unaamini haya?" Nikamjibu hilo halimo kwenye silabasi. Mpaka leo sijajua kama pale nilikuwa mwalimu au nilikuwa mwoga tu.