Mpira wa Mkojo Uliopakwa Polima: Maswali ya Wanaouguza Kigoma

Mzee wetu ana tezi dume. Kaja nyumbani Ujiji na mpira wa mkojo "uliopakwa". Umepakwa nini?

Mpira wenyewe, ule unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, ni lateksi, yaani raba ya utomvu wa mti. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya polima, yaani plastiki na jamii zake: tefloni, silikoni au haidrojeli. Haidrojeli hunyonya maji ikateleza kama bamia, na hayo maji ndiyo kinga, maana bakteria anakosa pa kushika. Akishika hutoa gundi, wenzake wanajazana, na siku chache baadaye kuna utando kama ule utelezi wa ndani ya mtungi usiosuguliwa. Ndani ya utando huo antibayotiki haziwafikii vizuri.

Basi hatapata maambukizi?

Anaweza kupata. Polima inachelewesha tu. Protini za mwilini huifunika mapema, na bakteria hushika hizo protini. Yuko mmoja msumbufu kuliko wote, Proteus: anavunja urea, taka iliyomo kwenye mkojo, kuwa amonia, kisha chumvi za kalsiamu na magnesiamu zinaganda kama ukoko mweupe wa ndani ya birika, mpira unaziba. Mkojo usipotoka, au ukivuja pembeni huku tumbo la chini limejaa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msiuvute! Ndani ya kibofu kuna puto la maji linaloushikilia, mara nyingi mililita 10, na litachana njia ya mkojo.

Ubadilishwe lini?

Wa tefloni hadi wiki 4. Wa haidrojeli, au wa silikoni tupu, hadi wiki 12. Someni pakiti, andikeni tarehe uliyowekwa.

Tunaweza kuulainisha kwa mawese?

Hapana, wala kwa mafuta ya mgando. Mafuta huidhoofisha lateksi, na puto linaweza kupasuka. Sabuni na maji kila siku vinatosha: shikeni mpira karibu na mwili usivutike, osheni kuelekea nje.

Tunamrudisha kliniki Tabora kwa treni. Mfuko tuuweke wapi?

Chini ya kibofu muda wote: ufungwe mguuni, au uning'inie chini ya kiti bila kugusa sakafu. Ukiwekwa juu na mizigo, mkojo wa zamani unarudi kibofuni na bakteria wake. Mwageni kabla haujajaa, kwenye theluthi mbili hivi; nawa mikono kabla na baada, na mdomo wa koki usiguse chombo. Msichomoe mfuko kwenye mpira ili kumwaga. Mkifungua hapo bakteria huingia ndani, na polima haina msaada tena.

Mkojo unanuka. Tununue dawa?

Harufu peke yake si sababu. Mpira uliokaa mwezi karibu kila mara una bakteria, na dawa zisizohitajika huwafanya sugu. Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu au kuchanganyikiwa ghafla, hapo apelekwe haraka. Mpira ukiwa umepita wiki 2, ulizeni kama utabadilishwa kabla ya dawa kuanza. Ule wa zamani bado umebeba utando.