Dhana kutokuwa na mpaka si sawa na kukosa maana

Mjadala ukishanoga tu lazima atokee mtu aseme "hebu toa definisheni kwanza", ukikwama anatangaza kwamba unachoongelea hakipo. Jamani hapana.

Kwa kifupi, dhana isiyo na mpaka ni ile yenye mifano ya wazi huku na huku, halafu katikati kuna mifano ambayo hata mwenye taarifa zote anashindwa kuamua. Fumbo lake ni la zamani, mwanzilishi anatajwa Eubulides wa Miletus, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 KK: mwenye nywele tele ukimng'oa unywele mmoja hapati upara, ukimng'oa mwingine bado, sasa unywele wa ngapi ndo unaleta upara? Hakuna anayeweza kuutaja, ila mwenye upara akipita wote tunamjua.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kuiita hali hii utata. Utata ni neno moja kubeba maana zaidi ya moja, kama paa la nyumba na paa wa porini, ukimalizia sentensi kwa kawaida umeisha. Upara hauishi hivo, hesabu nywele zote moja moja, yule wa katikati utamwacha palepale katikati. Halafu kuna demokrasia, sanaa, haki, hizi zina shida nyingine kabisa, watu wanagombania kigezo kipi kiwe na uzito zaidi, na mwanafalsafa Gallie mwaka 1956 alisema kwenye dhana za namna hii ubishi ni sehemu ya dhana yenyewe.

Si tuchore tu mstari? Tunachora, sheria za nchi nyingi zinasema utu uzima ni miaka 18, lakini mstari huo umewekwa ili kazi iende, haukukutwa kwenye mwili wa mtu. Wanaastronomia nao mwaka 2006 walipiga kura kuhusu maana ya sayari, Pluto ikatolewa, na bado sharti lao kwamba sayari iwe imesafisha eneo la njia yake linabishaniwa, isafishe kiasi gani?

Kwa hiyo ndugu yangu, mtu akishindwa kukupa definisheni ya uonevu usimwambie hajui anachosema. Muombe tukio moja ambalo ni uonevu bila ubishi na lingine ambalo si uonevu kabisa, akikupa yote mawili dhana anayo, mnaweza kuendelea na yale ya katikati.