Chai na Andazi Havimfikishi Mtoto Saa Nne

Muulize mzazi wa Dar es Salaam kama mtoto amekula kabla ya kwenda shule, atakujibu, "Ndiyo, amekunywa chai." Ndivyo tunavyosema, na sina ugomvi na lugha. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi jibu hilo ni kweli neno kwa neno: mtoto amekunywa, hajala. Kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu vya sukari, andazi moja au vipande viwili vya mkate wa siagi, begi mgongoni, mbio kituoni kuwahi daladala.

Mimi ni afisa lishe, na kazi yangu hunipeleka shuleni mara kwa mara. Saa ninayopenda kufika ni saa tatu na nusu, kabla ya mapumziko, maana hapo ndipo kifungua kinywa cha kila nyumba kinapojitangaza chenyewe. Kuna mtoto amelaza kichwa juu ya dawati. Kuna mwingine amekasirika bila kuchokozwa. Kuna anayesoma mstari uleule mara tatu. Mwalimu huona uvivu au utundu, na si kosa lake, kwa kuwa njaa ya darasani hailii kama njaa ya mtoto mchanga.

Tupige hesabu. Mtoto aliyekula chakula cha usiku saa mbili, akaondoka asubuhi na chai tu, mlo wake wa kwanza wa maana ni uji wa saa nne, ikiwa shule yao inatoa uji. Hapo zimepita saa kumi na nne. Mtu mzima anaweza kuzivumilia. Mtoto wa darasa la pili ana ini dogo, na ini ndilo ghala linalotoa sukari kwenye damu usiku kucha wakati hatuli. Ubongo wake nao hula sehemu kubwa zaidi ya nishati ya mwili kuliko wa mtu mzima. Ghala dogo, mlaji mkubwa.

Sasa andazi. Sitalisema vibaya, nimelelewa nalo. Lakini ndani yake mna unga mweupe wa ngano, sukari na mafuta, basi. Unga wa namna hiyo humeng'enywa upesi, sukari kwenye damu hupanda kwa kasi kisha hushuka, na njaa hurudi mapema. Kinachoichelewesha njaa ni protini na nyuzinyuzi, na hivyo ndivyo vinavyokosekana kwenye sahani hiyo. Kwa hiyo ninachowaomba wazazi si kuanza vyakula vya kigeni vya kwenye maboksi, ambavyo vingi vina sukari kuliko andazi lenyewe. Acha kilichopo mezani, ongeza kitu kimoja chenye protini. Andazi na yai. Chapati na maharage. Mkate na siagi ya karanga badala ya ile ya kopo. Muhogo na kikombe cha maziwa.

Watu wa zamani walilijua hili bila semina. Mombasa na Unguja mahamri huliwa kwa mbaazi za nazi. Kagera wana katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Uchagani kuna mtori, ndizi na nyama. Kila mmoja kati ya milo hiyo una chakula cha wanga na chakula cha protini ndani ya sahani moja, na kila mmoja ni chakula cha asubuhi. Kilichotokea ni kwamba tulipohamia kwenye haraka za mjini tulibeba hamri, tukaziacha mbaazi chunguni.

Najua swali linalofuata. Nani apike mbaazi saa kumi na moja alfajiri, gesi inaisha, mmoja hajapata soksi, na basi la shule linapiga honi? Hakuna. Kifungua kinywa cha siku ya shule ni kazi ya jana jioni, na asiyekubali hilo ataendelea kununua maandazi.

Nianze na sufuria moja, kwa kuwa ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote na haihitaji friji. Jioni menya viazi vitamu, vikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vifunike kwa maji ndani ya sufuria. Alfajiri mwaga maji hayo, weka mengine, washa jiko, kisha osha mayai vizuri na uyaweke humohumo pamoja na viazi. Nenda kawaamshe watoto. Tangu maji yaanze kuchemka, dakika kumi hadi kumi na mbili zinatosha yai kuiva mpaka kiini, na vipande vya viazi vya ukubwa huo vinahitaji dakika kama kumi na tano. Hukusimama jikoni hata dakika tano. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Ukipata viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa kama Kabode na Mataya, utakuwa umempa mtoto na vitamini A, ambayo viazi vyeupe havina ya kutosha. Sokoni huuzwa karibu sawa na vingine, ila muuzaji asipoulizwa hasemi.

Wenye friji wana njia nyingine: kiporo. Hapa naona watu wanakunja uso, kana kwamba kumpa mtoto kiporo ni kutangaza umaskini. Wali wa jana na maharage, vikipashwa na kuliwa na kipande cha papai, ni kifungua kinywa bora kuliko mkate mweupe wowote utakaoununua. Chemsha maharage mengi Jumapili, yagawe kwenye vibakuli vyenye mifuniko, weka kwenye friza, na kila usiku shusha kimoja kiyeyuke ndani ya friji.

Lakini kiporo kina masharti, hasa wali. Mchele hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa juu ya meza usiku kucha katika joto letu, vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha hadi utoe moshi. Ndiyo maana wengine hutapika baada ya kula kiporo "kilichopashwa vizuri kabisa". Chakula kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuiva, kipashwe mara moja tu, kipate moto mpaka katikati. Kama huna friji, usimpe mtoto kiporo cha wali. Rudi kwenye sufuria ya viazi na mayai.

Uji nao una mambo yake. Kila wiki naletewa pakiti za "uji wa lishe" zenye mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na wakati mwingine dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Wazazi huamini kwamba vikiwa vingi ndivyo lishe inavyoongezeka. Nafaka tano zinafanya kazi ileile ya nafaka moja. Karanga zikishasagwa na kuchanganywa na unga, mafuta yake huchina upesi na unga mzima hunuka. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kuitumia protini, hivyo ni lazima ipate moto wa kutosha kwanza, jambo ambalo uji wa dakika tano hauliwezi. Nunua unga wa ulezi peke yake. Katika gramu 100 za ulezi mna zaidi ya miligramu 300 za kalisi (kalsiamu), kiasi ambacho mahindi na mchele havisogelei. Usiku koroga unga kwa maji baridi, uache ulowe. Asubuhi unamimina kwenye maji yanayochemka na kukoroga dakika kumi. Ukishaepua, ndipo uongeze kijiko cha siagi ya karanga au maziwa, na uponde ndizi mbivu badala ya kutia sukari. Uwe mzito. Uji mwepesi wa kunywa kama maji hujaza tumbo kwa muda mfupi tu.

Kuhusu karanga nasisitiza jambo moja. Zichambue kabla ya kukaanga, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, bila huruma. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, haionekani wala haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga hushambuliwa na kuvu walewale. Zile za bei ya kutupa, zilizosagwa na mtu usiyemjua, ziache. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, karanga nzima zinaweza kumpalia, kwa hiyo zisagwe.

Tukirudi kwenye chai yenyewe: majani ya chai yana tanini, ambayo hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ulezi na mboga, yakapita tumboni bila kufyonzwa. Kwa mtoto ambaye nyama anaiona kwa nadra, chuma hicho cha mimea ndicho tegemeo lake. Kutia maziwa hakuondoi tatizo. Ningependa mtoto asinywe chai kabisa pamoja na chakula. Anywe maji au maziwa, na kama chai haina budi, iwe saa moja baadaye. Tunda lenye vitamini C hufanya kinyume chake, linausaidia mwili kukichukua chuma. Pera ndilo bingwa hapa, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na mitaa mingi tunayaacha yaokotwe na popo.

Sukari nayo hujificha kwenye kikombe hichohicho. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni vizuri zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 20, yaani kama vijiko vitano vya chai. Vijiko vitatu vya asubuhi vimeshakula zaidi ya nusu kabla jua halijapanda. Punguza robo kijiko kila wiki. Mtoto hatagundua, atakayelalamika ni baba.

Wapo watoto wasiotaka kabisa kula alfajiri, na wazazi hunijia wakidhani mtoto anaumwa. Mara nyingi haumwi, ameamshwa tu mapema mno na tumbo lake bado limelala. Usimlazimishe wala kumchapa juu ya sahani, atakichukia chakula. Mpe maji, kisha umfungie yai, viazi na ndizi kwenye kibakuli ale akifika shuleni, kabla ya kengele. Wengi hamu huwajia baada ya nusu saa tangu waamke.

Na zipo asubuhi ambazo mpango wote huvunjika, maji hayatoki, umeme umekatika, mzazi alikuwa zamu ya usiku. Siku hiyo mtoto huondoka na hela. Basi mfundishe kununua. Getini kuna ubuyu, barafu za rangi na krips, na kuna pia wa bagia za kunde, wa karanga, na kijana mwenye trei ya mayai ya kuchemsha na kachumbari. Mwambie mtoto aanze kwa kijana wa mayai, chenji ikibaki aende kwa mwenye ndizi. Ubuyu ataununua siku nyingine, akishashiba.